Injini ya Toyota 1NZ-FE: maswali ninayoulizwa kila siku gereji

Simama dakika kumi pembeni ya barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, jioni, uhesabu IST, Raum, Spacio, Probox na Premio zinazopita. Nyingi kati ya hizo zina injini ile ile chini ya boneti: 1NZ-FE. Nairobi ni hivyo hivyo, ila huko Probox na Fielder ndizo zinazotamba. Magari yenyewe yameshazeeka, mengi yamevuka miaka 20 tangu yatoke kiwandani, na wengi wetu tumeyapokea yakiwa na historia tusiyoijua. Maswali nimeyaandika kama wateja wanavyoyauliza. Majibu ni ya fundi, si ya muuza spea, kwa hiyo mara nyingi utasikia nikisema "pima kwanza".

Fundi, hii 1NZ ni injini ya aina gani hasa?

Ni injini ya petroli ya silinda 4 na vali 16, yenye kamshafti (shafti zinazofungua na kufunga vali) mbili juu, zinazozungushwa na cheni. Upande wa kuingiza hewa una VVT-i, yaani mfumo unaotumia presha ya oili kuzungusha kamshafti kidogo mbele au nyuma kulingana na mwendo. Bloku ni ya aluminiamu na ndani yake kuna silivu nyembamba za chuma. Ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana haisamehe mtu anayeiacha ichemke.

Ndugu yake mdogo ni 2NZ-FE ya cc 1298, na ndugu mwingine ni 1NZ-FXE iliyokuja na Prius ya kwanza mwaka 1997. Hiyo ya Prius usiichanganye na hii hata kama majina yanafanana. Kamshafti na mgandamizo wake ni tofauti.

Nipe vipimo vyake vyote muhimu.

- Ujazo: cc 1497
- Kipenyo cha silinda: mm 75.0, mwendo wa pistoni: mm 84.7
- Mgandamizo: 10.5 kwa 1
- Nguvu: farasi 109 kwa mizunguko 6000 (za 4WD mara nyingi 105)
- Msokoto: Nm 141 kwa mizunguko 4200
- Mpangilio wa moto: 1-3-4-2
- Sailensi (mwendo wa injini gari likiwa limesimama) kwa gari la otomatiki: mizunguko 650 hadi 750
- Oili: lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta
- Nafasi ya vali injini ikiwa baridi: za kuingiza mm 0.15 hadi 0.25, za kutoa mm 0.25 hadi 0.35
- Uwazi wa plagi: mm 1.1
- Themostati (mlango wa maji ya kupozea injini) huanza kufunguka: nyuzi 80 hadi 84
- Kompresheni (presha ya silinda ikipimwa kwa geji): psi 213 ikiwa nzima, isishuke chini ya 156, na silinda zisipishane zaidi ya 14
- Bolti za silinda hedi: Nm 29, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena
- Bolti ya kumwagia oili: Nm 38

Vipimo vya vali vinahitaji neno moja zaidi. Injini hii haina tapeti za oili zinazojirekebisha. Ina vikombe vya chuma vyenye unene tofauti, na ili ubadilishe kikombe lazima kamshafti itoke. Fundi akikuambia "nimekaza tapeti" kwa nusu saa huku kava ya juu bado ina vumbi lake la mwaka jana, mlipe soda aende.

Nitajuaje kama gari langu ni 1NZ na si 2NZ, au D4 ambayo watu wanaikimbia?

Usisikilize dalali, soma namba ya chasisi. Herufi za mwanzo zinataja familia ya injini. IST ya NCP60 ni 2NZ ya cc 1298. NCP61 ni 1NZ. NCP65 ni 1NZ ya 4WD. Probox ya NCP50 ni ndogo, NCP51 ni 1NZ. Spacio na Fielder za NZE121 ni 1NZ, lakini zikiandikwa ZZE zina injini ya familia ya ZZ ya cc 1800, nyingine kabisa.

Kwenye Premio na Allion za 2001 hadi 2007 ndiko watu wanakouziwa mbuzi kwenye gunia. Bodi ni moja, injini ni tatu: NZT240 ni 1NZ, ZZT240 ni 1ZZ, na AZT240 ni 1AZ-FSE ya cc 2000, ambayo ndiyo D4. Hiyo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na hapo ndipo gharama zinapoanzia. Herufi A tu ndiyo inayokutenganisha na hiyo pampu. Isome kabla hujatoa hela mfukoni.

Ina mkanda wa taimingi au cheni? Inabadilishwa baada ya kilomita ngapi?

Cheni, na haina kilomita maalumu za kubadilishwa. Inabadilishwa ikilegea au mikono yake ya plastiki ikilika. Anayekuuzia "timing belti ya IST" anakuuzia kitu ambacho gari lako halina.

Dalili ya kwanza ni sauti ya mnyororo asubuhi. Unawasha, unasikia kama mtu anatikisa funguo ndani ya bati, sekunde mbili tatu, kisha kimya. Kinachoikaza cheni ni tensheni inayosukumwa na presha ya oili. Gari likilala oili inashuka, na likiamka cheni inapiga hadi presha ipande. Sekunde mbili kwenye gari la kilomita 200,000 sina wasiwasi nazo sana; nitakwambia tupime oili kwanza, maana mara nyingi iko chini au ni nzito mno. Sauti ikiendelea injini ikiwa imeshapata moto, hapo tunafungua kava. Usiisubiri iruke meno. Ikiruka mengi, vali zinakutana na pistoni na zinapinda, na bei inakuwa ya hadithi nyingine.

Ukibadilisha, badilisha seti nzima: cheni, tensheni na mikono yote miwili. Kubadilisha cheni peke yake ni sawa na kununua kandambili ya mguu mmoja.

Niweke oili gani?

5W-30, ya sintetiki ukiweza. Najua gereji nyingi zitakuwekea 20W-50 kutoka kwenye dumu na kukuambia "huku kwetu ni joto". Joto la nje si hoja. Oili hii inapita kwenye matundu membamba sana kwenda VVT-i, na inapaswa kufika juu kwenye kamshafti ndani ya sekunde chache baada ya kuwasha. Oili nzito kama asali inachelewa, na kila asubuhi unasikia ile sauti ya cheni niliyoitaja.

Ninakubali kwenda 10W-40 kwa injini iliyoanza kula oili na mwenyewe hana uwezo wa kuitengeneza leo. Zaidi ya hapo hapana.

Kuhusu kilomita: kwa gari la foleni za mjini, 5,000 na filta yake. Stika ya 10,000 iliyobandikwa kwenye kioo cha gari lililotoka Japani iliandikiwa barabara za Japani na petroli ya Japani. Saa mbili za foleni Mbagala hazionekani kwenye odomita, ila oili inaziona.

Kuna kosa dogo linalofanyika kila siku. Kopo la oili ni lita 4, injini inataka 3.7. Fundi anamimina kopo lote kwa sababu "umeshalipia". Oili ikivuka sana alama ya F (ya kujaa) kwenye kijiti cha kupimia, kranki inaipiga inakuwa povu, nyingine inapanda kwenye bomba la kupumulia na kuungua. Mwambie akuachie kile kilichobaki kwenye kopo ukiweke kwenye buti. Utakihitaji kuongezea.

Gari linakula oili. Nimeambiwa nifanye ovaholi. Ni kweli?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na hela nyingi hupotea hapa kwa sababu ya haraka.

Kwanza, inakula kiasi gani? "Nyingi" si kipimo. Jaza hadi F gari likiwa sehemu tambarare, injini imelala usiku kucha. Andika kilomita. Tembea 1,000, kisha uongezee hadi F kwa kikombe cha kupimia. Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao vya mwenye gari huandika kwamba matumizi ya hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 bado yamo ndani ya kiwango. Kwangu hiyo ni nyingi mno, lakini ujue kwamba robo lita kwa kilomita 1,000 kwenye gari la miaka 20 si ugonjwa wa kupelekwa chumba cha upasuaji.

Pili, je, inaungua au inavuja? Lala chini uangalie. Injini hii hupenda kuvujia kwenye gasketi ya kava ya juu, kwenye swichi ya presha ya oili, kwenye kava ya cheni, na nyuma kwenye sili kubwa ya kranki. Uvujaji unaodondokea kwenye ekzosi hauachi doa sakafuni, unaacha harufu tu, kama mtu amekaangia mafuta yaliyokwishatumika.

Tatu, angalia vali ya PCV. Ni kitu kidogo kama kidole gumba, kimekaa kwenye kava ya juu, bei yake ni ndogo. Itoe, itikise sikioni. Ikilia klik-klik ni nzima. Mama mmoja alikuja na Raum aliyokwishaambiwa mahali pengine kwamba pistoni zimekwisha, anadaiwa ovaholi kamili. Nilipoitikisa PCV yake ilikuwa kimya kama jiwe. Ndani mlikuwa na lami. Ikiziba, hewa ya ndani ya injini haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili na kwenye njia ya hewa. Tuliweka mpya, tukabadilisha gasketi ya kava na oili. Hakurudi na malalamiko ya oili mwaka mzima, akarudi kwa ajili ya breki.

Nne, pima kompresheni, injini ikiwa na moto, plagi zote nne nje, akseleta imekanyagwa hadi mwisho. Ukipata 190, 185, 190, 188, basi ringi za juu na vali hazijafa. Tatizo la injini hii mara nyingi si ringi ya juu, ni ringi ya tatu, ile ya kufuta oili. Vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni vinaziba kwa masizi ya oili iliyochelewa kubadilishwa, ringi inaganda kwenye mfereji wake, na oili inabaki ukutani mwa silinda ikaungua. Kompresheni inakuwa nzuri na oili bado inapungua. Hapo kuna watu wanaomimina dawa ya kuyeyusha masizi kupitia matundu ya plagi na kuiacha ilale. Nimeona ikisaidia magari kadhaa, na nimeona ikishindwa. Ni jaribio la bei nafuu kabla ya kufungua, mradi umwage oili yote na kubadilisha filta mara baada ya hapo.

Ukipata 150 kwenye silinda moja, mimina kijiko cha oili kwenye tundu lake upime tena. Ikipanda sana, ringi. Isipopanda, vali au gasketi ya hedi.

Moshi wa bluu, mweupe, mweusi: nini ni nini?

Bluu ni oili. Ukitoka asubuhi tu unapowasha, kisha unakwisha, shuku sili za vali. Ukitoka kila unapokanyaga, shuku ringi. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Mweupe wa asubuhi unaopotea ni mvuke tu, usihangaike. Mweupe usiokwisha na maji yanapungua, gasketi ya hedi.

Taa ya injini imewaka na mashine inasoma P1349. Gari halina nguvu.

Hiyo ni VVT-i, na ni msimbo ninaoupenda kwa sababu mara nyingi unatibika kwa bei ya chai na andazi.

Kompyuta inasema: nimeamuru kamshafti izunguke, haijazunguka kama nilivyotaka. Anza na oili: ipo? Ni safi? Ni ya uzito gani? Kisha tafuta vali ya oili ya VVT-i, ambayo mafundi wengi huiita OCV. Ina waya mbili na bolti moja. Itoe, pima ukinzani wake kwa mita: inapaswa kuwa kati ya omu 6.9 na 7.9 katika joto la kawaida. Ipe umeme wa betri kwa sekunde moja tu, uone pini ya ndani inatembea kwa haraka na kurudi.

Sasa sehemu wanayoiruka wengi. Kuna kichujio cha wavu kidogo, cha saizi ya kifuniko cha kalamu, kimejificha nyuma ya bolti kubwa kwenye silinda hedi. Oili inapita hapo kabla ya kufika OCV. Kwenye gari lililokuwa likibadilishwa oili kwa kukumbuka, unakitoa kikiwa cheusi tii, matundu hayaonekani, ukikiminya kinatoa uji kama wa masizi ya chungu. Kioshe kwa petroli na brashi laini, kipulize, kirudishe kwa washa mpya, ile pete ya kuzibia bolti. Wateja wameuziwa OCV mpya mara mbili mfululizo na kichujio hiki hakijaguswa tangu gari litoke Japani.

Ukishafanya hayo na msimbo unarudi, basi ni gea yenyewe ya VVT-i au cheni imelegea.

Mashine yangu ndogo ya Bluetooth haisomi gari langu. Kompyuta imekufa?

Hapana. Magari mengi ya soko la Japani ya miaka hiyo yana soketi inayofanana na ya kimataifa, lakini hayazungumzi lugha ile ile na vimashine vya bei nafuu. Kuna njia ya zamani: swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi kwa kipande cha waya, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itakonyeza. Hesabu: mara 5, pumziko, mara 9 ni 59, ambayo ndiyo P1349. Ni 39 kama saketi ya OCV ndiyo yenye hitilafu, na 52 ni sensa ya kugonga. Hesabu matundu mara mbili kabla hujachomeka waya. Tundu la 16 lina umeme wa betri.

Kwa hiyo 52, kabla hujanunua sensa angalia waya. Panya wa Dar wanapenda joto la injini usiku na wanatafuna ngozi ya waya kama karanga.

Sailensi inapanda na kushuka, au gari linazima nikisimama kwenye taa.

Uchafu. Fungua bomba la hewa uangalie mdomo wa throto, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga akseleta: ukiona pete nyeusi inayonata, safisha kwa dawa yake na kitambaa, si kwa bisibisi. Magari ya mwanzo yana waya wa akseleta na vali ya sailensi pembeni ya throto, na hiyo nayo inaziba. Ya baadaye yana throto ya umeme. Usiisukume kwa kidole swichi ikiwa wazi.

Safisha na sensa ya hewa kwa dawa maalumu ya sensa. Kama ulinunua kichujio cha hewa cha kupaka mafuta, ndicho kilichoichafua. Kisha nyunyiza maji ya sabuni kidogo kwenye viungo vya manifoldi ya hewa: sailensi ikibadilika, una pahali panapovuta hewa ya wizi.

Inamisi, yaani silinda inaruka moto, hasa nikipanda mlima.

Hapa kila silinda ina koili yake juu ya plagi, kwa hiyo kumtafuta mgonjwa ni rahisi. Msimbo P0302 unamaanisha silinda ya 2, ukihesabu kutoka upande wa cheni. Hamisha koili ya 2 uipeleke 3. Msimbo ukihama nao na kuwa P0303, koili imekufa. Ukibaki pale pale, angalia plagi, kisha nozeli. Usikubali kubadilisha koili zote nne kwa dalili ya moja.

Ukichomoa koili ukakuta imelowa oili, sili za matundu ya plagi kwenye kava ya juu zimekauka. Koili mpya kwenye kisima cha oili haitakaa muda mrefu. Na plagi feki zimejaa: nyingine unaiona uwazi wake ukiwa tofauti kwenye boksi moja. Zipime kwa geji zote, mm 1.1.

Ilichemka mara moja, fundi akatoa themostati. Sasa haichemki. Kuna ubaya?

Upo. Bila themostati maji yanazunguka muda wote na injini haifikii joto lake, hasa ukitembea barabara kuu usiku. Kompyuta inaona injini bado baridi, inaendelea kuongeza petroli. Mteja anakuja analalamika "gari linakunywa", na plagi zake ni nyeusi. Ukuta wa silinda unaoshwa kwa petroli, oili inachafuka mapema. Themostati nzima inapimwa jikoni: ining'inize kwenye sufuria ya maji, pasha, uone ikianza kufunguka karibu na nyuzi 82.

Swali la kuuliza ni kwa nini ilichemka. Kwa umri huu mkosaji wa kawaida ni rejeta: tangi la juu ni la plastiki, limegeuka rangi ya kahawia na lina ufa mwembamba kama unywele, unaovuja maji yakiwa na moto tu. Baada ya hapo kuna pampu ya maji, ambayo ikichoka hutoa maji kupitia kitundu chake cha chini na kuacha mchirizi wa rangi ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Na feni. Washa AC, feni isipozunguka umeshampata mwizi.

Maji ya bomba ni mabaya kwa aluminiamu. Maji ya kisima cha Dar, yenye chumvi ile unayoisikia kwenye chai, ni mabaya maradufu. Nimefungua hedi iliyoliwa kuzunguka matundu ya maji hadi gasketi haina pa kukalia. Tumia kulanti, iwe nyekundu au ya waridi, na usichanganye aina.

Na ujue kwamba baadhi ya magari haya hayana mshale wa joto, yana taa tu. Taa nyekundu ikiwaka umeshachelewa tayari, kwa hiyo usijipe "nifike tu pale mbele". Simama, zima. Usifungue kifuniko cha rejeta.

Taa ya betri imewaka njiani. Naweza kufika nyumbani kwa betri iliyobaki?

Fungua boneti uone kwanza. Mkanda ule ule unaozungusha jenereta ndio unaozungusha pampu ya maji. Kama umekatika, huna maji yanayozunguka, na dakika chache zinatosha kupinda hedi. Kiwango cha kupinda kinachovumilika ni mm 0.05. Unene wa unywele wako ni zaidi ya hapo.

Linatetemeka nikiwa D nimekanyaga breki, nikiweka N linatulia.

Mauntingi za injini, zile raba zinazoibeba. Anza na ile ya upande wa cheni.

Naweka petroli gani, na inapaswa kwenda kilomita ngapi kwa lita?

Ya kawaida inatosha. Injini imetengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani. Ya bei ya juu haitaiongezea farasi. Kwa matumizi, IST nzima naiona ikienda 9 hadi 11 kwenye foleni na 14 hadi 16 safari ndefu kwa mwendo wa ustaarabu. Ukiwa chini ya 8, angalia mpangilio huu: upepo wa tairi, breki zinazoshika, themostati, plagi, sensa ya oksijeni. Wengi wanaanzia mwisho wa orodha kwa sababu ndio wenye spea ya kuuza.

Ovaholi, au ninunue injini ya mtumba?

Kwa 1NZ, kama silinda zimekwaruzika au hedi imeliwa, mara nyingi nashauri mtumba. Injini hizi zipo nyingi Shaurimoyo Ilala, na Nairobi Kirinyaga Road, na ovaholi nzuri yenye spea halali haiko mbali na bei yake. Ovaholi ya bei poa, ya ringi za mfukoni na gasketi isiyo na jina, inadumu hadi risiti ifutike.

Lakini nenda na fundi wako. Fungua kifuniko cha oili umulike ndani: kamshafti ya rangi ya dhahabu au fedha ni nzuri, iliyovaa koti jeusi iache. Zungusha kranki kwa mkono. Dai kupima kompresheni hapo hapo dukani kwa betri na stata yao. Linganisha throto: kama gari lako ni la waya wa akseleta na injini ni ya throto ya umeme, utahamisha manifoldi nzima. Soketi za sensa na vishikio vya mauntingi hutofautiana kati ya Premio na IST.

Halafu namba. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo omba risiti na nyaraka za injini hiyo, uende TRA ukabadilishe kadi, au NTSA kwa walioko Kenya. Kuna mteja wangu alidharau hilo. Alipopata mnunuzi miaka mitatu baadaye, mnunuzi akainama na tochi ya simu, akasoma namba kwenye bloku, akasoma kadi, akarudisha kadi bila kusema neno.